Betri Iliyolala na Wanakondoo

Kitengela,
Jumapili, 2 Machi 2025

Dada yangu Soila,

Sopa! Kabla hujasoma mstari wa pili, nenda kwanza uiname mbele ya Yeyo, mama yetu, kwa niaba yangu, akuwekee kiganja utosini, halafu umwambie hicho kichwa ni cha Simel. Akisema hamjui Simel, usibishane naye. Mwambie ni mtu fulani wa Kitengela, anamsalimia sana.

Sisi tuko salama. Judy anakusalimia wifi yake, cherehani yake inalia kutwa nzima kwa sababu shule zinataka sweta kabla ya baridi. Watoto wanakula, wanakua, wananijibu vibaya, kwa hivyo wako sawa. Huku asubuhi kuna ukungu siku hizi. Nikifungua duka sioni hata ng'ambo ya barabara, nasikia tu kengele za ng'ombe wa watu zikipita ndani ya ule weupe, na kwa dakika moja hivi nadhani niko nyumbani na wewe unaniita nije kushika ndama.

Nimezoea hii mambo ya barua sasa. Mwanzoni nilikuwa naona aibu kumpa Soipan bahasha, yeye amekuja kuleta maziwa ya watu, mimi nampa karatasi kama mzungu wa zamani. Lakini ulisema kweli. Tangu ile Januari Yeyo aliposikia sauti yangu kwa simu akatoka kunitafuta nyuma ya ukuta, kisha mtoni, sitaki tena simu iwe karibu naye. Kama umeizima, iache imezimwa. Karatasi haiongei, na anaweza kuishika.

Sasa nieleze habari ya taa. Tangu niifunge hiyo betri ya sola mwezi jana sijalala vizuri nikijiuliza kama inafika asubuhi. Ni kazi ya mikono yangu, Soila. Nilitengeneza mbili, mapacha kabisa, moja ya Yeyo na moja nimebaki nayo hapa dukani. Nikiona yangu bado inawaka alfajiri, najua na Yeyo anaona vibuyu vyake ukutani, na anajua yuko kwake.

Ndugu yako,
Simel


Kajiado,
Jumapili, 16 Machi 2025

Kwa Simel, fundi wa taa na mpenda ukungu,

Nimeinama, nimeguswa utosini, salamu zimefika. Alisema, "Mtu wa Kitengela ana nywele laini." Nikamwambia ni nywele zangu. Akacheka sana.

Mvua imeanza kunukia, ingawa bado haijashuka. Kondoo kumi na wanne wamezaa na watatu wamezaa mapacha, nimekuwa mkunga mpaka nguo zangu zote zinanuka maziwa. Miguu yangu ni ile ile. Soipan atakueleza mengine, huyo hana siri ndani yake.

Taa! Simel, sijui nikuambie vipi. Nilifundisha watoto wadogo kusoma miaka thelathini kwa mwanga wa dirisha, sikujua mwanga unaweza kukaa ndani ya nyumba usiku kucha hivi, umetulia, hauna moshi. Yeyo akiamka anafungua macho, anahesabu vibuyu vyake vitano, anasema, "Niko kwangu," anajifunika. Basi. Hajatoka tena nje hata mara moja. Mimi nalala mpaka jogoo. Umenirudishia usingizi na hujui.

Kitu kimoja nimebadilisha, usinigombeze. Pale barazani ulipoifunga kwenye ukuta wa mawe hapakunipendeza. Watu wanapita, mvua inapiga. Nilimwita fundi wa bomba wa ile shamba ya jirani, akarefusha waya, tukaingiza betri ndani, kwenye kile kizizi kidogo cha fito kando ya kitanda cha Yeyo, wanapolala wanakondoo. Nimeifunika na shuka yake ya zamani ili vumbi lisiingie. Na unajua nini? Ina joto kidogo. Wanakondoo wameigundua. Jioni wanagombania kulala juu yake, saba wamerundikana, masikio tu ndiyo yanaonekana, na Yeyo anawaangalia mpaka macho yake yanafumba. Betri ameipa jina. Anamwita Narok, kwa sababu ni mweusi. Akihesabu wanyama wa ndani, anamhesabu na yeye.

Halafu nikuulize. Siku ile unaondoka, ulisimama mlangoni umeweka mikono nyuma. Nilikumbuka ulivyovunja kibuyu cha Yeyo ukiwa mdogo ukasimama hivyo hivyo, umeficha mikono kama vile vipande bado viko ndani yake. Nilicheka peke yangu. Umevunja nini tena, wewe?

Dada yako,
Soila


Kitengela,
Jumapili, 30 Machi 2025

Dada,

Sopa sana. Mwambie Yeyo yule mwenye nywele laini anamsalimia. Hapa mvua imenyesha siku tatu, maji yamejaa mbele ya duka mpaka wateja wanarukaruka kwa mawe. Judy ameshona sweta sabini. Watoto wako na mafua.

Nimesoma barua yako mara tatu. Hiyo picha ya wanakondoo imekaa kichwani mwangu, nikifunga macho naiona. Lakini Soila, tafadhali, irudishe barazani. Ile nafasi sikuichagua ovyo. Ukuta wa mawe, sakafu ya simiti, hewa inapita, na iko mbali na kitanda. Kama unaogopa wezi nitatengeneza sanduku la chuma lenye matundu. Kama ni mvua nitaongeza bati.

Na shuka uitoe. Betri ya lithiam haivishwi nguo. Inahitaji kupumua. Joto ni kitu inatakiwa kupoteza, si kutunza. Wanakondoo watafute pahali pengine pa kulala, walilala wapi kabla ya Narok?

Ulikuwa unauliza nimevunja nini. Sijavunja kitu. Mikono nilikuwa naipumzisha.

Iko na joto kiasi gani? Ukiweka kiganja unaweza kukiacha hapo?

Simel


Kajiado,
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Simel wa Yeyo,

Amefufuka! Nakuandikia baada ya kanisa, na viatu vyangu viko mlangoni vimebeba nusu ya Kajiado. Mvua ilifunga njia, Soipan hakupita wiki mbili, ndiyo maana barua imechelewa. Nyasi sasa zinafika magotini. Usiku kunanyesha taratibu juu ya bati na taa inawaka, na mimi nalala katikati ya hizo sauti mbili, mvua na kondoo, sijui hata kama nimelala au niko macho.

Umenicheka kuhusu nguo ya Narok lakini nimekusikia. Mchana naitoa shuka. Jioni Yeyo anamfunika tena, na anayeweza kumkataza Yeyo kufunika mtoto wake bado hajazaliwa. Anasema baridi inaingia chini ya mlango. Ananikazia macho, Simel. Ni yale macho yake ya zamani, na kwa ajili ya macho hayo nitamwachia afunike hata na shuka kumi.

Kuhusu kurudisha barazani, hapana. Kule nje swichi iko mbali na mimi. Hapa ndani najua usiku wote taa iko na mimi niko. Wewe hukumwona siku ya mtoni. Mimi nilimwona, alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, amebeba kiatu kimoja, anakuita wewe. Sirudi huko.

Joto uliuliza. Kiganja kinakaa. Ni joto la mkate uliotoka jikoni kitambo.

Ukija leta lile sanduku lako la chuma tuongee vizuri. Utakuja lini? Ulisema Pasaka. Yeyo alikuwa ameoga.

Soila


Kitengela,
Jumapili, 1 Juni 2025

Dada Soila,

Ninatumaini barua hii itakufikia ukiwa na afya njema pamoja na Mama. Sisi hapa tuko wazima kwa neema ya Mungu. Samahani kwa kukaa kimya mwezi mzima. Kazi ilikuwa nyingi.

Mwezi wa Mei nilimtuma Soipan akuambie uzime betri na usiitumie tena. Sikupata jibu. Ninarudia sasa kwa maandishi. Zima betri. Itoe nje ya nyumba, uiweke mbali, mahali pasipo na nyasi kavu wala mnyama. Ni kwa sababu ya matengenezo. Nitatuma nyingine baadaye. Kwa sasa mtumie taa ya kandili, au tochi.

Kidole changu kimeumia kidogo, kwa hivyo Judy ananiandikia.

Msalimie Mama.

Simel

Wifi, Simel amesimama dirishani, hanioni. Muulize vizuri kuhusu hicho kidole kimoja. Mimi nimekatazwa kusema. J.


Kajiado,
Jumapili, 8 Juni 2025

Simel,

Nisikilize na usinikatize.

Mimi nimefundisha watoto kuandika. Mwandiko wa Judy naujua, na maneno ya kwenye hiyo barua pia si yako. Tangu lini wewe unamwita Yeyo "Mama"? Tangu lini unaniandikia kama chifu anayeita baraza? Nilisoma kwa sauti, na Yeyo aliponyooshewa karatasi akairudisha. Hakuiwekea kiganja kama zile nyingine. Alisema, "Huyu hayuko ndani." Nilishindwa kulala.

Soipan alileta maneno yako Mei, ndiyo. "Simel amesema zima." Nikamuuliza kwa nini, akasema hakuambiwa. Tulizima siku moja. Siku hiyo sitaki kuongea habari yake. Kesho yake niliwasha, na sitazima tena mpaka mtu aniambie sababu, si "matengenezo". Unataka nimwondolee Yeyo mwanga, halafu hutaki kuniambia ni kwa nini! Mimi ni nani kwako, karani wa duka?

Jumatano ya soko niliwasha mlio wa simu nikiwa Kajiado mjini. Nikakuta umenipigia mara tatu. Nikakupigia, hukushika. Ulipiga ili iweje?

Mengine ni haya. Baridi ya Juni imeingia, jua ni hafifu, lakini taa bado inafika asubuhi. Wanakondoo wamekua wakorofi, sasa hawalali tena juu ya Narok. Wamehamia kona ya pili, wote, sijui wameona nini. Ndani kumekuwa na harufu tamutamu, kama ile rangi ya kucha ya wasichana. Nimeosha kila kitu, haitoki. Yeyo ananiambia kuna mtu anaivisha matunda humu ndani.

Nijibu kwa mkono wako, hata kama ni neno moja.

Soila


Kitengela,
Jumatano, 11 Juni 2025

Soila,

nakuandikia mwenyewe sasa. Kalamu nimeifunga kwa kitambaa, vumilia mwandiko. Sijamngoja Soipan Jumapili, hii barua nimewapa watu wa vifurushi leo, wampigie aichukue Kajiado na akimbie nayo kwako.

ITOE NJE LEO. Hiyo harufu tamu ni betri. Seli zinavuja. Ukikuta imetoka tumbo usiiguse na kitu chenye ncha. Zima swichi, itoe, iweke peke yake, kaeni mbali upande upepo unatoka. Ikianza kutoa moshi usikaribie, ule moshi ni sumu. Usiseme nitaokoa waya, nitaokoa shuka. Wacha iungue.

Sasa sababu. Uliniuliza nimevunja nini. Sikuwa na ujasiri.

Ile betri si mpya. Nilikudanganya. Seli zake nilizichomoa kwenye betri ya pikipiki ya umeme iliyogongwa, nikapima moja moja, zilizobaki na nguvu nikazipanga, nikazivalisha gamba jipya jeusi. Kile kibao cha ndani kinachozichunga zisijae kupita kiasi nilikitoa kwa mashine nyingine. Nilijiambia zinatosha. Zilikuwa zinawaka vizuri! Nilitaka Yeyo apate mwanga mwezi huo huo, sio mwakani. Lakini nilijua, dada. Siku ile mlangoni nilijua, ndio maana niliificha mikono. Ndio maana pia niliifunga barazani kwenye mawe. Wewe ulipoiingiza ndani nilipaswa kuja usiku huo huo. Badala yake nikakuandikia habari za sanduku.

Pacha yake iliungua tarehe ishirini na tisa Aprili, saa nne asubuhi, hapa dukani, ikiwa kwa chaji. Ililia kama sufuria ya presha, halafu moshi mweupe, halafu moto ulitoka kwa ubavu kama maji ya bomba. Niliibeba na mikono kuitoa nje. Nimelazwa wiki tatu. Duka limebaki kuta. Mtu mwingine hakuumia, Mungu ni mkubwa. Judy anajua kuhusu moto. Hajui kwamba Yeyo analala kando ya ile nyingine. Hakuna mtu anajua kwamba zote mbili ni za seli zile zile isipokuwa mimi, na sasa wewe.

Pale kitandani nilimtuma Soipan aseme "zima" tu. Nilifikiri ukizima itatosha, na hutajua kamwe. Nilipiga simu mara tatu nikuambie ukweli. Ikiita, nilifikiria barua zangu husomwa kwa sauti mbele ya Yeyo, na siku moja haya nayo atayasikia. Nikakata.

Sikuja Pasaka kwa sababu nilikuwa nimejawa na hofu ya kuingia hapo nikutane nayo. Sasa siji kwa sababu ya mikono. Vidole viwili havikunjiki. Sijui Yeyo ataiona vipi.

Nijulishe tu kama mko hai.

Simel


Kajiado,
Jumapili, 15 Juni 2025

Simel ndugu yangu,

Tuko hai. Naanza na hilo, salamu zitafuata nyuma. Tuko hai wote wawili, na kondoo, na vibuyu vitano.

Barua yako ilinifikia Ijumaa saa tatu asubuhi. Soipan alikuja mbio, hajafunga hata kitambaa vizuri. Lakini Narok alikuwa ameshaondoka Alhamisi. Keti nikueleze.

Alhamisi baada ya chai nilikuwa nakamua nje. Nikasikia Yeyo ananiita kwa jina langu. Simel, kwa jina langu! "Soila!" Miezi mingapi nimekuwa "wewe mama". Nikaacha maziwa, nikaingia. Alikuwa amepiga magoti kwenye kizizi, ametoa shuka, mkono wake uko juu ya ubavu wa betri, anaupitisha polepole, mbele na nyuma, vile alivyokuwa akipima ng'ombe tulipokuwa watoto, akiwa ametega sikio. Akaniambia, "Huyu amevimba tumbo. Ana homa. Mtoe kati ya wenzake kabla hajawaangusha."

Nikaweka mkono. Nikautoa. Halikuwa tena joto la mkate. Na ubavu ulikuwa umefura kweli, gamba limeachana.

Ningekuwa mimi peke yangu, nakuambia ukweli, ningesema nitamwuliza Simel kwanza. Lakini sauti ile ni ya mama yetu akiwa na boma la ng'ombe mia. Huwezi kuijibu, unafanya. Nilizima swichi na kuchomoa waya. Tukaisukuma kwa mti juu ya ngozi ya kitanda chake, nikavuta ngozi, yeye akisukuma mlango uwe wazi, akiimba kidogo kidogo vile mtu anamwongoza mnyama mgonjwa asishtuke. Tuliipeleka kwenye kile kizizi cha miiba cha kutenga wagonjwa, kule chini kwenye mchanga, ambacho hakijaingia mnyama tangu mwaka jana. Niliiacha na ngozi yake. Yeyo alifunga mlango wa miiba kwa mkono wake. Akasema kama atapona atalia mwenyewe.

Alilia saa tisa alasiri. Ssss, kama ulivyoandika, ingawa nilikuwa bado sijasoma. Moshi mweupe ulitoka ukalala chini, upepo ukaupeleka mtoni, na jua lilikuwa limetoka siku hiyo moja katika wiki nzima, kwa hivyo bonde lote lilijaa kitu cheupe kinachong'aa na miti ikawa inaelea juu yake. Ningekuwa sijui ni nini ningesema ni pazuri. Halafu moto. Miiba yote iliondoka. Ukazimika, tukasema basi, ukaanza tena, mara mbili. Tulikaa juu kwenye jiwe, mbali, upepo mgongoni. Yeyo alikuwa ameshika mkono wangu. Aliangalia vile watu wanamwangalia ng'ombe mzuri akifa. Mwishoni akasema, "Alitupa mwanga, lakini alizaliwa mgonjwa." Nikalia. Nililia kwa ajili ya betri, Simel, mimi mwanamke mzima, kwa sababu niliona kile kitanda, na kile kizizi, na wale wanakondoo saba na masikio yao.

Sasa na mimi nitoe langu. Ile siku ya Mei niliyokataa kuongea. Tulizima taa ulivyosema. Nilipitiwa na usingizi. Alitoka. Tulimpata kesho yake mchana barabara ya Namanga, amekaa kando na wauza mawe, miguu inatoka damu, anawauliza kama wamemwona mtoto wake. Sikukuambia kwa sababu ningesema, ungejiona umempoteza kwa simu na sasa umempoteza kwa giza. Nilikuwa nakulinda! Wewe ulikuwa unanilinda! Na katikati ya huo ulinzi wetu Yeyo alikuwa analala kichwa mkono mmoja kutoka kwa moto. Kama ningeandika mstari mmoja, ungeandika wako. Nimekasirika, sitakuficha. Nimekukasirikia wewe siku moja na mimi siku mbili.

Siku hizi usiku tunatumia tochi yangu, nimeifunga juu ya vibuyu. Haifiki alfajiri. Nimehamisha kitanda changu mlangoni, akitaka kutoka atanikanyaga kwanza. Si vizuri, lakini ni ya sasa.

Barua yako nimemsomea. Yote. Nilifikiri niruke, nikasema hapana, tumeruka vya kutosha. Nilisoma seli za pikipiki, nilisoma duka, nilisoma vidole viwili. Alikuwa anaangalia kuku, nikadhani hanisikii. Nilipomaliza alinyoosha mkono akachukua karatasi. Aliigeuza. Aliangalia ule mwandiko wako uliopinda, mkubwa, kama wa watoto wangu wa darasa la kwanza, akaufuata kwa kidole mstari mpaka mstari. Halafu akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo muda mrefu.

"Simel," akasema.

Sikumtajia jina. Naapa. Kwenye barua jina liko chini kabisa, sikulisoma, na yeye kusoma hajui.

"Huyu akikosea huficha mikono," akasema. "Tangu kile kibuyu." Akanirudishia karatasi, akarudi kwa kuku wake. Nikafikiri ameshasahau. Nilikuwa nimeshasimama nichote maji aliposema tena, bila kugeuka, "Mwambie aje nayo."

Habari ya betri nyingine, mpya kabisa, ya barazani, kwenye sanduku lako la chuma, tutaongea ukifika. Wewe njoo na mikono kwanza.

Dada yako,
Soila